MBIO ZA KUSAIDIANA SI ZA KUMLIPIA TAJIRI DENI



Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Agosti tulimaliza mbio zetu za miezi ya baridi. Tulikimbia mara tatu: Juni, Julai na Agosti. Mara ya kwanza walikuja watu 60, mara ya pili 74, na mara ya mwisho 91. Walikuwako mafundi, makarani, walinzi wa usiku waliotoka zamu bila kulala, na akina mama wa jikoni. Kila mmoja alitoa kiingilio cha shilingi 100. Sanduku lililozungushwa kwa watazamaji nalo lilipata shilingi 9,300. Jumla yote ni shilingi 31,800. Mweka hazina amekwisha bandika hesabu hiyo ukutani, kila mtu aisome.

Fedha hizo tulizikimbilia kwa ajili ya ndugu yetu mmoja, fundi wa mashine, ambaye mwezi wa Machi mwaka huu alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia akiwa kazini. Jina lake mnalijua, hatuna haja ya kulichapa.

Tangu siku ile mambo mawili yamezuka. La kwanza ni dogo, nalo limepigiwa kelele nyingi. La pili ni kubwa, nalo linataka kupita kimya kimya. Halmashauri ya tawi itakutana Jumatano ijayo kuyaamua yote mawili. Sisi wa gazeti hili tumeona ni wajibu wetu kutoa maoni yetu kabla ya siku hiyo, wala si baada yake.

MBIO HIZI NI ZA NAMNA GANI

Kwanza tuwaeleze wale waliokuwa zamu na hawakuja. Katika mbio za kawaida watu wote husimama kwenye mstari mmoja na kuondoka pamoja. Hata kabla hawajaondoka kila mtu anajua nani atashinda: ni kijana yule yule wa kila siku. Wengine hukimbia nusu ya njia, huona migongo ya wenzao ikipotea, na mwezi unaofuata hawaji tena.

Mbio zetu ni za kutanguliziana. Waingereza huziita handikapu. Mwenye mwendo mdogo huondoka kwanza, na mwenye mbio huondoka mwisho. Njia yetu ni ya kilomita 5. Mama mmoja wa jikoni huimaliza kwa dakika 34. Karani mmoja huimaliza kwa dakika 25. Kijana wetu hodari wa ghala la rangi huimaliza kwa dakika 17. Basi Mama huondoka saa tatu kamili ya asubuhi. Karani husubiri dakika 9. Kijana husubiri dakika 17, akijipigapiga mikono kwa baridi ya Nairobi. Kila mtu akikimbia kama alivyozoea, wote watatu watafika pamoja saa tatu na dakika 34. Kwa hiyo anayeshinda ni yule aliyejitahidi kuupita mwendo wake mwenyewe wa mwezi uliopita, hata kama miguu yake ni mizito.

Jambo hili si geni duniani. Huko Uingereza chama cha mbio cha Thames Hare and Hounds kilianzishwa mwaka 1868, na katika nchi ile majira ya baridi ndiyo majira ya kukimbia mashambani, ndani ya matope. Vilabu vingi vya huko hufanya mbio za kutanguliziana katika miezi hiyo, hujumlisha pointi za kila mwezi, na kiingilio hupelekwa kuwasaidia wagonjwa au maskini. Huko Marekani, katika jimbo la California, ziko mbio za Dipsea zilizoanza mwaka 1905. Wakimbiaji hutoka Mill Valley, huvuka milima na kushuka pwani ya Stinson Beach, na watoto, wanawake na wazee hutangulizwa kwa hesabu ya umri na jinsia. Mwaka 2010 mshindi alikuwa msichana wa miaka 8. Mwaka 2012 mshindi alikuwa mzee wa miaka 72. Ushindi wao uliandikwa kitabuni sawa na ushindi wa mtu mwingine yeyote.

Hapa kwetu pia tunajua kwamba mahali pa kuanzia si jambo dogo. Wazee husimulia juu ya Nyandika Maiyoro, kwamba mwaka 1953 huko Madagascar wenzake walikwisha ondoka naye hajafika kwenye mstari, na hata hivyo akawafuata, akawapita wote. Hiyo ni sifa kubwa kwake. Lakini Maiyoro alikuwa mmoja. Kanuni hutungwa kwa ajili yetu sisi wengine, ambao tukiachwa nyuma mwanzoni huwa tumeachwa kabisa.

KELELE JUU YA MSHINDI

Sasa tufike kwenye jambo dogo. Mshindi wa mwezi wa Agosti ni kijana mmoja mpakiaji wa mizigo. Mwezi wa Juni alitembea zaidi kuliko kukimbia, akasema goti linamuuma. Kwa sababu hiyo aliandikiwa dakika nyingi za kutangulia. Mwezi wa Agosti goti lilikuwa limepona kabisa! Alifika dakika nne nzima mbele ya mtu wa pili, akapewa mfuko wa unga na sukari kilo 2. Watu wakapiga kelele: “Mwizi! Alificha mwendo!” Mpaka leo wako wanachama wanaotaka anyang’anywe unga, na wengine wanataka mbio zenyewe zifutwe.

Sisi tunasema kwamba kijana amekosa, ikiwa ni kweli alifanya makusudi. Mbio za namna hii husimama juu ya uaminifu. Asiyetaka kuonyesha mwendo wake wa kweli anamwibia dakika yule mama aliyekimbia kwa haki. Lakini tusifikiri kwamba sisi ndio wa kwanza kupatwa na jambo hili. Katika mji wa Stawell huko Australia mbio za kutanguliziana zimekuwako tangu mwaka 1878, na zawadi yake ni fedha nyingi. Huko wasimamizi humhoji mkimbiaji ambaye mwendo wake umebadilika ghafla, na wakiona aliuficha humtoza faini. Hawakuzifuta mbio zao kwa sababu ya wadanganyifu. Walitengeneza kanuni.

Makosa mengine ni yetu. Tulipima dakika za watu kwa mbio moja tu, tena karatasi ya dakika ilikaa mfukoni mwa msimamizi mpaka asubuhi ile ile. Hakuna aliyeiona mapema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuliza. Mahali ambapo hesabu inafichwa, hila haikosi. Kijana aachiwe unga wake, akaripiwe mbele ya wenzake, na mwaka ujao tufanye vizuri zaidi. Jambo hilo liishe.

HUNDI NA KARATASI

Jambo kubwa ni hili. Mwisho wa mbio za Agosti bwana mmoja kutoka ofisi ya tajiri alikuja na hundi ya shilingi 110,000, akaiinua juu ili apigwe picha. Alisema kampuni imeguswa sana na umoja wa wafanya kazi, nayo inataka kuongeza mchango wake juu ya mchango wetu ili deni la hospitali la ndugu yetu, ambalo ni shilingi 140,000, limalizike siku hiyo hiyo. Watu walipiga makofi. Sisi pia tulipiga makofi, hatutawaficha. Ukichukua 31,800 ukaongeza 110,000 unapata 141,800. Deni limekwisha na nauli ya kurudi nyumbani imebaki. Nani asingefurahi?

Siku ya Jumatatu karani wa kampuni alimletea ndugu yetu karatasi ya kutia sahihi kabla ya hundi kupelekwa benki. Karatasi ilisema kwamba amepokea msaada wote kwa ajili ya ajali ile, na kwamba hana dai jingine lolote juu ya kampuni, leo wala kesho. Ndugu yetu hakutia sahihi. Alisema mkono wa kuandikia bado una bandeji, akaileta karatasi kwa katibu wetu. Tunamsifu kwa akili hiyo.

Sasa ndugu, tusome pamoja mambo ambayo sheria inasema. Sheria ya mafao ya kuumia kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Inasema kwamba tajiri lazima awe na bima ya wafanya kazi wake. Inasema kwamba mtu akiumia kazini, gharama za haki za kumtibu na kumsafirisha ni juu ya tajiri. Inasema kwamba tajiri akipata habari ya ajali lazima aipeleke kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini katika siku 7. Inasema kwamba mtu akishindwa kufanya kazi kwa muda, aendelee kulipwa kiasi cha mshahara wake, hata mpaka miezi 12. Na ikiwa ulemavu ni wa kudumu, hesabu inaanzia kwenye mshahara wa miezi 96, na aliyepoteza vidole au kiungo kingine hupata sehemu yake kwa asilimia iliyoandikwa.

Tuchukue mfano tu, ili kila mtu aelewe. Mtu wa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi, miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Daktari akimwandikia ulemavu wa asilimia 15, haki yake ni shilingi 288,000, mbali na gharama za hospitali na mshahara wa siku alizokaa kitandani. Weka hesabu hiyo kando ya ile hundi ya 110,000, kisha usome tena ile karatasi. Je, ni zawadi au ni biashara?

Tena liko jambo jingine ambalo katika furaha ya siku ile hatukuliona. Deni lile la hospitali tangu mwanzo lilikuwa la tajiri. Kama tukilipa 31,800 katika deni hilo, basi hatukumsaidia ndugu yetu hata senti moja. Tumemsaidia tajiri. Yule mama wa jikoni, aliyetoa shilingi 100 kutoka kwenye fedha za unga wa watoto na akakimbia kilomita 5 kwenye ukungu, amemchangia mwenye kiwanda!

Kijana aliyeficha miguu yake tumemkaripia kwa wiki nzima kwa ajili ya mfuko wa unga. Aliyeficha mfuko wake kwa miezi mitano, akautoa siku ya picha, huyo tulimpigia makofi. Tufikirie jambo hilo sote.

“MGONJWA HALI SHERIA”

Wako wanachama ambao hawakubaliani nasi, na maneno yao si ya kipuuzi. Mzee mmoja wa halmashauri alituambia hivi: “Wanangu, mgonjwa hali sheria. Hospitali inataka fedha leo. Mwenye nyumba anataka kodi leo. Ninyi mnataka mtu angoje barua za ofisi mpaka lini? Ndege mmoja mkononi si afadhali kuliko kumi mtini?” Mke wa ndugu yetu pia alilia mbele ya katibu, akasema kwamba amechoka kukopa dukani.

Tunaheshimu maneno hayo. Mwenye njaa haambiwi angoje haki. Lakini ndiyo sababu hasa tulikimbia! Fedha zetu 31,800 zikitolewa leo katika deni la hospitali, zitamezwa siku moja. Zikitolewa kwa familia, zitalipa kodi ya nyumba, deni la dukani, na nauli ya kwenda kubadilishiwa bandeji, wakati dai likiwa njiani. Fedha za kusaidiana kazi yake ni kumwezesha mtu kusimama mpaka haki yake ifike. Zikitumiwa kama bei ya kununulia haki hiyo, zimegeuka kuwa adui yake.

Tusiseme pia kwamba tunapinga hisani. La! Nchi hii imejengwa kwa kuchangiana. Wakati wa uhuru mwaka 1963 neno Harambee lilipofanywa neno la taifa, maskini walibeba mawe na kujenga shule na zahanati kwa mikono yao. Lakini tuliona pia jinsi Harambee ilivyoharibika baadaye, mkubwa akitangaziwa mchango wake kwa kipaza sauti, na siku ya pili watu hawathubutu tena kumwuliza juu ya barabara wala dawa. Mwaka 1993 ungeuliza, na mwaka 2003 ungeuliza, jibu lilikuwa hilo hilo: aliyetoa hadharani haulizwi.

Mbio za hisani nazo tunazijua. Mbio za Mater Heart Run zimesaidia watoto wengi wenye maradhi ya moyo. Mwaka 2014 Mama Margaret Kenyatta alikimbia maili 26 za London kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero, na fedha za kampeni hiyo zikanunua magari ya zahanati kwa ajili ya akina mama waja wazito katika kaunti zetu. Hizo ni kazi njema. Lakini gari la zahanati halikuifutia serikali wajibu wa kuajiri wauguzi. Na wauguzi walipodai mishahara yao, haikuwa haki kuwajibu kwamba mbio zimekwisha kimbiwa.

Kutoa na kulipa ni mambo mawili mbalimbali. Anayetoa anaweza kushukuriwa. Anayelipa anadaiwa risiti tu. Taabu huanza pale mtu anapotaka kulipa deni lake na kushukuriwa kama mtoaji.

MBIO ZENYEWE ZINATUFUNDISHA

Wako waliouliza: kama ni hivyo, kwa nini tusiache mbio, tukashika madai peke yake? Sisi tunasema mbio zisiachwe, maana zimetufundisha jambo ambalo hotuba nyingi hazikutufundisha.

Yule mama anapoondoka dakika 17 mbele ya kijana, hakuna anayesema amepewa sadaka. Zile dakika si huruma. Ndizo zinazofanya mbio ziwe mbio, ili kijana mwenyewe apate mtu wa kushindana naye na watazamaji wapate kitu cha kutazama. Mama hasemi asante kwa msimamizi, wala hatii sahihi kwamba hatadai dakika zake mwezi ujao.

Basi na ndugu yetu ni vivyo hivyo. Tangu mwezi wa Machi yeye ameanzia nyuma. Mashine anayoijua hataweza tena kuishika kama zamani. Fidia ya sheria ndizo dakika zake. Zinamrudisha mahali ambapo anaweza tena kukimbia pamoja nasi. Anayemwambia azibadilishe kwa hundi na picha anataka kumwacha kwenye mstari wa nyuma maisha yake yote.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Tunaiomba halmashauri Jumatano ijayo ikubali mambo haya matano.

1. Mbio ziendelee mwezi wa Juni mwaka ujao, na zifanywe mara tatu kama mwaka huu.

2. Dakika za kutangulia zihesabiwe kwa mwendo bora wa mtu katika mbio zake zote zilizopita, si kwa mbio za mwisho tu. Orodha ibandikwe ukutani wiki moja kabla, na mwenye swali aulize mapema.

3. Shilingi 31,800 zipewe familia ya ndugu yetu kwa kodi, chakula na nauli. Senti yoyote isipelekwe katika deni la hospitali ambalo sheria imeliweka juu ya tajiri.

4. Hundi ya kampuni irudishwe pamoja na barua ya heshima. Barua iseme kwamba kama kampuni inataka kulipa hospitali, mlango wa hospitali uko wazi na hakuna sahihi inayohitajiwa. Kama inataka kutoa zawadi kwa mbio zetu, tutaipokea kwa shukrani mwaka ujao, bila karatasi.

5. Katibu apeleke dai kwa afisa wa kazi wiki hii hii. Sheria inataka dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Ajali ilikuwa mwezi wa Machi, na sasa ni Septemba. Nusu ya wakati imekwisha kwenda tukipiga makofi.

Na kila mwanachama aliyeumia kazini, hata kidogo, asikubali kutia sahihi karatasi yoyote kabla ya katibu kuisoma. Hatusemi hivyo kwa chuki juu ya tajiri. Wako matajiri wanaolipa bima na kuandika habari za ajali siku ile ile, na hao hatuna neno nao. Tunasema hivyo kwa sababu mtu mwenye maumivu na madeni husoma mstari wa kwanza tu, ule wenye hesabu ya fedha.

Jumatano saa kumi na moja jioni, njooni wengi katika nyumba ya tawi. Waliokimbia waje, na waliopiga makofi pamoja nasi waje pia. Yule kijana wa mfuko wa unga naye aje. Tumemwomba azungumze, naye amesema yuko tayari kuomba radhi na kusaidia kupima njia mwaka ujao. Kama yeye amekubali kusahihisha hesabu yake, haitakuwa vigumu kumwomba tajiri asahihishe yake.

Umoja ni nguvu.

Wahariri